Ufa Kwenye Trekta la Mzee Dhiren

Siku Hillary alipojulikana kichochoroni kwao kuwa ni mtu wa Kiswahili, alikuwa akimtukana mbweha.

Ilikuwa asubuhi ya kuzolewa taka. Mbweha mmoja mwenye mkia mchafu alikuwa ameshararua mfuko na kutandaza mifupa ya kuku nyuma ya nyumba. Mbweha wa London hawana adabu hata chembe. Humkazia mtu macho kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kuiba. Hillary, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu, alimrushia kandambili na kumwita mshenzi, mwizi, mtoto wa mwizi. Hapo kichwa cheupe kikachomoza juu ya ua wa jirani.

"Huyo hasikii Kiswahili, bwana," kichwa kikasema. "Amezaliwa hapa, kama wajukuu zangu."

Mwenye kichwa alikuwa mzee Dhiren, Mgujarati wa karibu miaka themanini, mzaliwa wa Eldoret, ambako baba yake alikuwa na duka la vipuri. Kwa miaka sita wawili hao walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta hapo Kingsbury wakisalimiana kwa Kiingereza cha hali ya hewa: leo baridi, leo mvua, leo afadhali. Miaka sita! Kila mmoja alidhani mwenzake hana la kumwambia. Ikabidi mbweha awatambulishe.

"Nyumbani wapi?" mzee akauliza.

"Moiben, mzee."

"Moiben kwenye ngano? Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa fundi wa matrekta," Hillary akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. Neno hilo hakuwa amelitamka kwa muda mrefu. London alikuwa mlezi wa wazee katika nyumba moja ya kutunzia watu. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo safi. Lakini hakuna aliyewahi kumwuliza mikono ile ilikuwa ikifanya nini kabla ya kushika sabuni na taulo. Binti yake Daisy, aliyezaliwa hospitali ya hapo hapo London, alidhani baba yake alikuja duniani akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni.

Mzee Dhiren alifikiri kidogo. Kisha akatafuta kitasa cha lango kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yamebakiza vivuli tu, akamwongoza Hillary hadi kwenye gereji yake ya uani.

Chini ya turubai kulikuwa na trekta dogo la bustani, la Kijapani, la dizeli, ambalo mzee alilitumia zamani kukatia nyasi za viwanja vya michezo. Hiyo ndiyo kazi iliyolisha familia yake tangu alipohamia nchi hii. Macho yalipoanza kufifia alilisukuma humo ndani, akalifunika, na tangu hapo halikuwashwa. Panya walikuwa wamezalia kwenye kichujio cha hewa. Matairi yalikuwa yamekaa kitako.

"Klabu moja ya kriketi iko tayari kulichukua kama linatembea," mzee akasema. "Mimi nimechoka kuweka maiti. Ikifika Pasaka halijawaka, namwita mtu wa vyuma chakavu. Wewe si umesema ni fundi?"

Hillary akasema ndiyo. Usiku ule alijaribu kumweleza mkewe Dinah kwa nini moyo unamwenda mbio kwa ajili ya chuma cha mtu mwingine, maneno yakamkwama. Ukweli ulikuwa mwepesi. Trekta lile likiwaka, yeye bado ni fundi. Lisipowaka, basi ni mtu aliyewahi kuwa fundi, na watu wa namna hiyo London wamejaa tele: waliowahi kuwa walimu, waliowahi kuwa mahakimu, waliowahi kuwa na ng'ombe.

Kazi ikaanza mwezi wa Novemba, siku zile ambazo jua la huku hutoka kuonyesha sura tu na kurudi kulala. Hillary alikuja siku zake za mapumziko, na Jumapili baada ya ibada. Mzee Dhiren alikalia kiti cha plastiki mlangoni, blanketi mapajani, chupa ya chai ya tangawizi miguuni, akisikiliza kila spana inavyozunguka. Dizeli ya zamani ilikuwa imeganda kama asali. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya silinda, na Hillary hakuzipiga nyundo. Alizimwagia mafuta mepesi, akaziacha zinywe, akarudi, akamwaga tena, hadi siku moja zilipoachia zenyewe kwa mlio mdogo kama wa mtu anayeshusha pumzi.

Jambo moja tu lilimkera. Kila alipofunga kipuri kipya, mzee alinyoosha kiganja.

"Lete ya zamani."

Mwanzoni Hillary aliumia. Mtu yeyote aliyepeleka gari kwa fundi Eldoret anaujua mkono huo: unadai kipuri cha zamani ukishike, ili ujue kweli kimebadilishwa na hukuuziwa maneno. Lakini yeye alikuwa anafanya kazi hii bure, na vipuri alinunua mzee mwenyewe!

"Mzee, kwani unaniona mwizi?"

"Baba yangu alikuwa anauza vipuri, Hillary. Kuna gasketi moja mafundi walirudisha kutuuzia dukani mara tatu, bado iko kwa karatasi yake. Lete ya zamani."

Basi akaleta. Mzee alikitembezea kidole gumba kila kipande, akatafuta kilipolika, akatikisa kichwa, akakitia kwenye kopo la biskuti. Polepole Hillary alikuja kuona kwamba kwa mtu asiyeona, ule haukuwa mkono wa kushuku. Kwake kiganja ndicho kilikuwa jicho. Akaanza kumkabidhi kabla hajaombwa.

Mwezi wa Januari injini ilikuwa imerudishwa pamoja. Ilibaki kupima kama radieta na mabomba ya maji yanavuja. Jumapili moja Hillary akavuta mpira wa bustani, akajaza maji mpaka juu, na mzee akapitisha mkono chini ya pampu, chini ya radieta, kila kiungo.

"Kavu," akasema.

"Kavu kabisa, mzee."

Wakala bhajia kwa furaha, wakafunga mlango, kila mtu akaenda kwake.

Wiki hiyo baridi ikashuka, ile kali ambayo hugandisha vioo vya magari na kufanya lami iteleze kama sahani yenye mafuta. Hillary alikuwa na zamu mfululizo. Aliporudi gereji siku ya Alhamisi mchana, alikuta kipande cha barafu kimejisukuma nje kwenye mdomo wa radieta. Alikitazama kama mtu anayesoma jina lake mahali asipotaka kuliona. Akapiga magoti, akamulika tochi ubavuni mwa injini, kwenye bloku, yaani ule mwili wa chuma wenyewe. Ufa ulikuwa pale, mwembamba kama uzi, urefu wa kidole cha kati.

Huko Moiben baridi ni ya kuvaa sweta, si ya kupasua chuma. Maji ukiyaweka kwenye trekta leo, kesho ni maji, na keshokutwa ni maji. Hilo la kuchanganya maji na dawa ya kuzuia barafu kila Mwingereza analijua tangu utoto, na Hillary alikuwa amelisikia pia, lakini gari lake hupelekwa kwa mafundi wengine na yeye kazi yake ni kutia petroli. Mkono uliojaza maji Jumapili ile haukuwa mkono wa London. Ulikuwa wa Moiben, na ulifanya ulivyozoea.

Alikaa chini kwenye saruji. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kisha, na hapa tusimfanye malaika, likamjia wazo. Ufa uko upande wa ukutani. Kuna gundi ya chuma inauzwa kila mahali. Unapaka, inakauka, unaisugua kwa msasa, unapiga rangi. Mzee haoni. Klabu ya kriketi italichukua, na siku litakapovuja, nani atakumbuka?

Gundi aliinunua kweli. Aliiweka mezani jikoni, akamweleza mkewe kila kitu akiwa amemgeuzia mgongo.

Dinah alikuwa nesi. Alikuwa amesikia watu wakieleza maovu kuliko hayo. Aliendelea kukata sukuma wiki.

"Baba Daisy," akasema, "mficha uchi hazai."

"Najua."

"Kama unajua, hiyo gundi unanionyesha ya nini?"

Kesho yake akamwomba mzee aje gereji. Dhiren alikuja na chupa yake ya chai, mchangamfu, akidhani leo ni siku ya kuwasha. Aliushika mkono wa mzee, akauinamisha ubavuni mwa injini, akakiweka kidole chake kwenye ufa, akakipeleka polepole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ni mimi, mzee. Niliacha maji, yakaganda. Sikuweka antifreeze."

Mzee alirudia njia ile kwa kidole chake peke yake. Alipofika mwisho wa ufa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Uko hapa miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Na unaweka maji ya bomba Januari! Hata mtoto wa hapa... Injini imekaa hapa miaka yote haina kitu, inakuja kuuliwa na fundi!"

Neno lile fundi, ambalo Hillary alikuwa akilingojea tangu Novemba, sasa lilimtoka mzee kama tusi. Dhiren akachukua chupa yake, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akaenda zake. Kiti cha plastiki kikabaki.

Siku zikapita. Mzee hakuja. Hillary angeweza kukusanya spana zake na kumaliza aibu hapo hapo, na Daisy, kwa roho nzuri tu, alimshauri hivyo, aachane nalo kwani si lake: "Dad, just leave it. It's not even yours." Lakini Hillary hakuwa na usingizi. Kila alipofumba macho alimwona yule fundi mkuu wa shamba la ngano aliyemfundisha kazi, mtu mfupi mwenye ndevu za kijivu, ambaye hakuwahi kutupa bloku maishani mwake. Shambani kule kipuri kikubwa kilichukua msimu mzima kufika kutoka ng'ambo, na ngano haingoji. Bloku likipasuka, fundi yule alilishona.

Ndiyo, chuma hushonwa, na wasiojua hudhani ni hadithi. Unatoboa tundu mwisho wa ufa, ili usiendelee kutambaa. Unakata nyuzi ndani ya tundu, yaani mizunguko ya kushikia parafujo, unakaza parafujo ya chuma laini, unaikata kichwa, unaigongagonga hadi ilale sawa na ukuta. Kisha unatoboa tundu la pili linalouma nusu ya parafujo ya kwanza, na la tatu linalouma la pili, mpaka ufa wote umejaa parafujo zilizoshikana, kama fundi cherehani anavyofunga mshono kwa kurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Kazi hii haitaki nguvu. Inataka subira, na mkono usiotetemeka.

Mkono wa Hillary ulitetemeka. Tundu la kwanza lilitoka zuri, lakini alipokuwa akikata nyuzi alikaza kwa pupa, na kile kifaa cha kukatia kikavunjikia ndani. Akaachia tusi moja la Kikalenjin ambalo halitafsiriki. Akatoka nje, akasimama uani kwenye baridi hadi pumzi zikatulia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, ingawa wahenga hawakusema koleo jipya lauzwa wapi Jumapili. Alirudi ndani, akakichokoa kipande kile kwa sindano na koleo dogo, punje kwa punje, jioni nzima. Alipokitoa, aliona kwamba mkono umeacha kutetemeka. Labda ulikuwa umechoka kuogopa.

Akanunua kifaa kipya, na kuanzia hapo kazi ikaenda. Toboa, kata nyuzi, kaza, gonga. Milio midogo ya nyundo ikavuka ua. Jioni ya pili ya kugonga, kiti cha plastiki kikalia nyuma yake. Hillary hakugeuka.

"Nini hiyo unagonga?" mzee akauliza.

"Nashona ufa, mzee."

Hillary akagonga parafujo moja, akaenda ya pili.

"Ile ya kwanza bado," mzee akasema. "Inalia tofauti. Hii imekaa, ile haijakaa."

Hillary akairudia ile ya kwanza. Kweli, ilikuwa imebakiza nafasi ya unywele. Akaigonga taratibu hadi sauti zikafanana, na mzee akaguna kukubali.

"Nilisikia maji yakiingia Jumapili ile," Dhiren akasema baada ya muda. "Nimekata nyasi za nchi hii maisha yangu yote. Nilisikia, na sikukuuliza umechanganya na nini. Nilikuwa nafikiria bhajia."

Hayo tu ndiyo aliyosema kuhusu jambo hilo, na Hillary hakuomba zaidi. Wakaendelea hivyo, mmoja akigonga, mmoja akisikiliza, mpaka ufa ukawa mstari wa vidoti vya chuma vilivyobanana. Hawakuupaka gundi. Hata rangi mzee alikataa. Alitaka watu wa klabu wauone na waambiwe.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka, wakajaza radieta, safari hii kwa dawa ya kijani ambayo mzee aliipima kwa kuinusa kama mpishi. Dinah alikuja na koti juu ya sare zake za kazi. Daisy alisimama na simu tayari kurekodi. Hillary akapasha injini moto kwa swichi yake, akahesabu kimoyomoyo, akageuza ufunguo.

Injini ilizunguka, ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikafa. Akapasha tena, akageuza tena. Ikazunguka, ikazunguka, silinda moja ikashika, halafu nyingine, halafu zote, na gereji ile ikajaa mlio ambao Hillary alikuwa ameuacha kwenye mashamba ya ngano akiwa kijana. Dinah alipiga kigelegele kilichofungua madirisha ya nyumba mbili. Mzee Dhiren aliinama, akaweka kiganja chote juu ya mshono, akakaa nacho hapo mpaka chuma kikapata moto.

"Kavu," akasema. Kisha, "Zima."

Hillary akazima, ameshangaa.

"Washa tena. Kuwaka mara moja ni bahati."

Akawasha. Iliwaka mara hiyo hiyo, bila kukohoa. Mzee akasikiliza kwa kichwa kilichoinama, na Hillary akangoja. Alingoja kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Neno moja tu lingetosha.

"Bomba la moshi linapiga kelele," mzee akasema. "Kaza."

Akakaza. Jumanne watu wa klabu wakaja na tela, wakaonyeshwa mshono, wakaambiwa ulivyotokea na nani aliusababisha, wakalichukua trekta hivyo hivyo. Mzee aliwapa mkono, akaingia ndani kunywa dawa zake.

Jumamosi iliyofuata Hillary alikwenda gereji kuchukua vyombo vyake. Sakafuni palikuwa na alama nne za matairi na doa la mafuta. Kazi ilikuwa imekwisha na ilikuwa imefana, sasa huzuni hii ya nini? Ni kwa sababu Jumatatu ni zamu, na baada ya zamu ni zamu, na trekta halikuwepo tena. Akazifuta spana moja moja, akazipanga kwenye mkoba, akavuta zipu.

"Hodi! Hodi hapa!"

Mlangoni alisimama mama mmoja aliyejitanda mtandio, anahema, ameburuta mashine ya kukatia nyasi iliyoshika kutu hadi kwenye mpini. Alikuwa Nusra, Mmombasa anayekaa upande wa pili wa barabara, ambaye Hillary alimjua kwa kumwona tu.

"Samahani, kakangu. Hapa ndipo kwa fundi?"

Hillary aliiachia zipu ya mkoba.

"Nimetumwa na mzee Dhiren," Nusra akaendelea, akidhani hajaeleweka. "Nilitaka kuitupa hii. Kanikataza kabisa. Kasema, mama, wacha kutupa, peleka kwa fundi wangu pale gereji, na kama yeye ameshindwa, basi usihangaike kumtafuta mwingine London hii. Ndiwe?"

Macho ya Hillary yalijaa, na hakujali kuonekana. Alijifuta kwa mkono wa shati, uliokuwa na mafuta, akajipaka uso mzima.

"Ndiye mimi, mama," akasema. "Ingiza ndani tuione."

Na Nusra alipokuwa akiivutavuta mashine yake kuivusha kizingiti, Hillary akaufungua tena mkoba, akaanza kuzitoa spana.